Kabla Sijakupa Ufunguo

Keti kwanza, Gwamaka. Ufunguo huu hapa, ila siuachii bado.
Oili ya injini unaijua, kila dereva anaijua,
anachomoa kijiti, anakifuta kwa kitambaa, anajiona fundi.
Mimi nakuuliza ya difu.

Kile chungu cha chuma nyuma kabisa, chini ya viazi,
kinachokula tope la Kikondo kabla ya mtu yeyote,
hakiwashi taa, hakipigi honi,
kimeshika magurudumu mawili kama mama wa mapacha:
kwenye kona wa nje anakimbia, wa ndani anavuta hatua,
wote wamo mkononi.

Mara ngapi? Umeuliza vizuri.
Kitabu kilichokuja na gari kinasema elfu hamsini.
Aliyekiandika simlaumu.
Hakupanda Isyonje mwezi wa tatu
na lumbesa kumi na mbili mgongoni,
gia ya kwanza,
ukungu umekaa juu ya boneti kama ng'ombe aliyegoma.
Kwetu hapa ni elfu ishirini.
Ukivuta tela, punguza.
Ukivuka maji yakafika kwenye ekseli, usihesabu chochote:
kesho yake fungua.

Marehemu Asajile alibadilisha shati kila siku
na oili ya injini kila elfu tano.
Difu aliiachia Mungu.
Ilianza na mluzi, wiii,
ukiachia mafuta unausikia, ukikanyaga unajificha.
Nikamwambia, baba, gari linalia.
Akaongeza sauti ya redio.

Tulilala juu kule siku tatu. Juni.
Asubuhi majani yamevaa barafu,
viazi vya watu vinaharibika ndani ya magunia,
na mimi nimejifunga turubai kama khanga.
Fundi Mwashambwa alipanda kwa pikipiki kutoka Uyole,
akalala chini, akafungua nati:
hakikutoka kitu.
Kisha kikatoka, taratibu, kijivu,
kama uji wa ulezi uliosahauliwa jikoni,
na ndani yake jino la krauni
likaanguka kwenye beseni, ti!
Ninalo. Limo kwenye kopo la vifungo.
Hebu lishike.
Dogo, eeh? Lilikula ng'ombe wawili.

(Hakufa kwa hilo, usinitazame hivyo.
Alifia kitandani kwake, miaka sita baadaye.)

Sasa sikiliza. Lipashe moto gari, nenda Igawilo urudi,
oili ya baridi ni mvivu kutoka.
Anza na nati ya juu, ya kujazia, ndipo ufungue ya chini.
Wapo waliomwaga yote
wakakuta ya juu imeshikana kwa kutu,
wakabaki mikono kiunoni, difu tupu, jua linazama.
Chovya kidole.
Ikiwa ya asali iliyoiva, shukuru.
Ikiwa chai ya maziwa, maji yameingia, tafuta sili iliyokatika.
Itanuka kiberiti, hiyo ni kawaida yake, usiogope.
Futa sumaku ya nati kwa kidole gumba:
unga laini ni uzee tu,
hata mimi nywele naziacha kwenye kitana.
Kipande chenye kona, nipigie. Hata saa nane usiku.
Kisha jaza tisini mpya, isiyo ya kwenye chupa ya maji
wanayokuuzia Mafiati kwa nusu bei,
mpaka ichungulie tunduni
na tone moja lidondoke lenyewe.
Funga.

Nyuma ya kiti chako nimeandika kwa rangi nyekundu
laki mbili na kumi na nne elfu, mia sita.
Ongeza ishirini mwenyewe, shule ulikwenda.
Sitakukumbusha.
Siku hiyo nitakuja uani na beseni
na kuliweka chini ya gari, basi.

Haya, shika. Magunia yanakungoja Kikondo,
na mvua ya Rungwe hiyo inashuka.

Nini tena?
Redio?
Niliing'oa.